Umekuja Dodoma na ukulele: uende kwaya ya mjini au ngomani Chamwino?

Swali huja hivi: "Kaka, nakuja Dodoma siku tano kikazi, nina ukulele, nipeleke kwa watu wanaopiga muziki." Wa mwisho kuniuliza alikuwa dada mmoja wa Nairobi, rafiki wa mfanyakazi mwenzangu. Alifika na kigitaa chake kwenye begi jembamba mgongoni, na mlinzi wa hoteli alipolipapasa akasema, "Dada, raketi hii? Uwanja wa tenisi hatuna." Alhamisi jioni nilimpeleka kwenye mazoezi ya kwaya ya mjini. Jumamosi na Jumapili nikampeleka Chamwino kwa mashemeji zangu, kwenye kikundi cha ngoma cha Wagogo. Ni sehemu hizo mbili ninazompeleka kila mtu, na kwa kuwa wengi hawana muda wa zote, naziweka mizanini hapa.

Kuna sehemu ya tatu ambayo naiondoa mapema. Vijana wa ukulele na gitaa tunao. Watano sita hukusanyika kibarazani kwangu Nkuhungu Jumapili jioni, ukulele mbili, gitaa moja, na sanduku la mbao linalopigwa kama ngoma. Bongo Fleva, C, G, Am, F, chai ya tangawizi, kila mtu kwao. Karibu sana. Ila kama umetoka Nairobi au Kampala, hicho unacho nyumbani, tena kwa spika nzuri kuliko zetu. Na kwetu Kondoa, nilikozaliwa, ungekuta kaswida, lakini pale dufu na koo za watu zinatosha, habari ya nyuzi haimuhusu mtu.

Klabu ya Leeds, ili tuelewane

Wapigaji wengi wa ukulele wakisikia "kutembelea kikundi" wana picha moja kichwani, na mimi ninayo pia. Niliwahi kukaa Leeds, Uingereza, miezi minne kwa masomo mafupi. Nikaenda kwenye kikundi cha ukulele kilichokutana chumba cha nyuma cha baa, saa moja jioni. Viti vimepangwa mduara, wazee wengi, vijana wawili watatu. Nilitaja jina langu, mama mmoja akanipa kitabu cha nyimbo chenye kurasa za plastiki, maneno chini na kodi juu yake (kodi za gitaa, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, si kodi za mamlaka ya mapato, TRA). Kiongozi akahesabu moja hadi nne, nami dakika kumi baada ya kuvuka mlango nikawa napiga wimbo wa mababu zao nisioujua, pamoja na watu thelathini nisiowajua. Katikati mapumziko ya kinywaji, kisha awamu ya pili, kisha kwaheri. Hakuna aliyeniuliza nimetumwa na nani.

Ni ukarimu, sikatai. Lakini unawezekana kwa sababu mbili. Ya kwanza, muziki wote uko kwenye karatasi. Ya pili ni chombo chenyewe: C kwenye ukulele ni kidole kimoja, Am ni kidole kimoja, F ni viwili. Na hata chombo hicho ni mhamiaji. Mafundi wa Kireno kutoka kisiwa cha Madeira walishuka Honolulu kwenye meli ya Ravenscrag mwezi Agosti 1879, na kutokana na kigitaa cha kwao, machete, wakatengeneza hiki ambacho Wahawaii walikiita jina linalotafsiriwa mara nyingi kuwa kiroboto arukaye. Mfalme Kalākaua alikipenda, kikaingia ikulu. Chombo cha namna hiyo kinajua kujipenyeza.

Ndiyo maana mgeni hufika Dodoma akitegemea kujipenyeza vilevile. Kwenye kwaya ataweza, kwa taabu kidogo. Chamwino hataweza mpaka afungue mkono na kuanza upya, na kwangu mimi tofauti ya sehemu hizi mbili iko hapo.

Nani anakufungulia mlango

Kwaya ina uongozi: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na juu ya wote mwalimu wa kwaya, ambaye akikataa basi umekataliwa. Mtu mmoja tu anayeimba pale anatosha kukuingiza. Anampigia mwalimu simu, mwalimu anauliza, "Anaimba sauti ya ngapi?" na ukijibu bila kusita, umeingia. Mazoezi yameandikwa saa kumi na moja na nusu jioni. Fika saa kumi na mbili kasoro, utamkuta katibu anafagia. Utaulizwa unasali wapi. Swali hilo halina mtego, ni namna tu ya kukuweka kwenye ramani. Mimi ni Mwislamu, naketi benchi la nyuma nikisubiri wageni wangu, na hakuna aliyewahi kunifanya nijione nimepotea njia.

Chamwino huingii kwa simu. Kijiji kiko kilomita 30 na ushee mashariki ya mji, barabara ya Morogoro, hapohapo penye Ikulu, na daladala zinakwenda kutwa. Lakini kikundi cha ngoma ni watu wenye mashamba na ng'ombe ambao jioni wakipenda wanacheza. Unahitaji mtu wa pale. Mimi nina mashemeji, maana mke wangu ni Mgogo. Wewe unaweza kupitia Kituo cha Sanaa Chamwino, ambacho kimezoea wageni na ndicho chenye tamasha la muziki wa Cigogo, kwa kawaida mwezi Julai. Vyovyote utakavyofika, kuna kupita kwa mwenyekiti wa kijiji na kusalimia wazee kabla begi halijafunguliwa.

Hapo mgeni wangu wa Nairobi aliteleza kidogo. Mzee wa kwanza tuliyekutana naye, ana miaka isiyopungua sabini na mitano, alimpa mkono akamwambia, "Sasa!" Shemeji yangu alikohoa. Mzee alicheka, akamjibu "Poa" vizuri kabisa, kisha akabaki na kiganja chake mkononi akisubiri. Ilibidi nimnong'oneze. "Shikamoo babu," akasema. "Marahaba mjukuu, umetoka mbali." Kwa Wakenya na Waganda wanaosoma hapa, huo ndio ushauri wangu wa bei ghali kuliko wote: shikamoo kwa kila anayekuzidi umri, na kwa kundi zima la Wagogo, "Mbukwenyi!" Utaona nyuso zinavyofunguka.

Kwaya: karatasi ipo, ila ufunguo umejificha

Jioni ya kwaya ni rahisi kuieleza. Sala fupi, mazoezi ya sauti, kisha mwalimu anagawa nakala za solfa: d, m, s zimepangwa mistari minne kwa sauti nne. Mtu aliyesoma nota za mistari mitano atatoa macho. Mtu aliyekulia kwaya za Afrika Mashariki atajisikia nyumbani. Mgeni wangu alikulia kwaya, akakaa sauti ya pili na akina mama, na wimbo wa kwanza aliuimba kama aliyekuwepo wiki iliyopita.

Kisha mwalimu akamwambia atoe kigitaa. Mpiga kinanda alikuwa kijana mwenye vidole vyepesi sana. Mgeni akainama kumuuliza, "Kii gani?" yaani wimbo umesimama kwenye noti ipi. Kijana akatazama vidole vyake, akajibu kwa moyo mweupe, "C." Mgeni akapiga C kwa nguvu. Kwaya nzima iligeuka.

Kijana hakudanganya. Vidole vyake vilikuwa C kweli. Ila vinanda hivi vina kitufe cha kuhamisha sauti, na wapigaji wengi wa makanisani wamejifunza wimbo mzima kwa C au F, halafu wanabonyeza kitufe mpaka sauti ya kwanza wafikie noti zao bila kukabwa. Yeye alikuwa ameshuka nusu-toni nne (nusu-toni ni hatua kutoka kibonye kimoja cha kinanda hadi kinachofuata), kwa hiyo kilichotoka kwenye spika ni A-flati. A-flati kwenye ukulele ni adhabu. Dawa yake ni kapo, kibanio cha kubana nyuzi zote: ifunge freti ya kwanza, kile kijichuma cha kwanza shingoni, piga maumbo ya G, na utakuwa ndani. Hana kapo? Tulitumia penseli na raba bendi mbili za kufungia nakala za mwalimu. Ilivuma kidogo uzi wa C (nyuzi za ukulele ni nne: G, C, E na A), lakini ilishika.

Baada ya hapo ilikuwa raha. Ukulele kwenye kwaya ya watu arobaini na kinanda chenye spika mbili haisikiki hata kidogo, huo ndio ukweli, na usijisumbue kupiga kwa hasira. Lakini mwalimu ana sikio. Ubeti wa tatu alinyanyua mkono kinanda kikanyamaza, akaacha sauti nne na kigitaa peke yake. Wale waliokuwa nje wanasubiri bodaboda walisogea madirishani.

Kwa hiyo upande wa kwaya: unaingia jioni moja, lugha ya muziki unaijua nusu, chombo chako kinaoana na chao kwa sababu kinanda na ukulele vimegawa oktava mafungu kumi na mawili sawasawa. Unatoka umeimba, umekunywa soda, umepewa namba za simu tano. Na kusema kweli, kilichopigwa pale ungeweza kukikuta Kisumu au Mwanza.

Chamwino: sauti nyingine

Kijijini siku ya kwanza niliagiza ukulele ibaki begini. Mgeni alinuna. Namwelewa, mtu hajabeba kitu kutoka Nairobi ili kipumzike. Lakini kuna sababu, na ni ya kimuziki, haihusiani na adabu peke yake.

Wagogo wana ilimba, yaani marimba ya vyuma vilivyopangwa juu ya sanduku la mbao na kupigwa kwa vidole gumba. Wana izeze, yaani zeze la kibuyu na nyuzi chache, linalosuguliwa kwa upinde. Wana ndono, upinde wa uzi mmoja, na filimbi, na ngoma za muheme ambazo wanawake huzibana mapajani na kuzipiga huku wakicheza. Aliyeipeleka sauti hiyo mbali ni Hukwe Zawose, aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003, na ukitaka kuandaa sikio lako kabla ya safari msikilize yeye, kisha wasikilize Pendo na Leah Zawose, wanawake wa ukoo huohuo.

Sasa sikiliza kwa makini ngazi yao, yaani mpangilio wa noti wanazotumia. Watafiti wa muziki, akiwemo Mwaustria Gerhard Kubik, wameeleza kwamba ngazi ya Wagogo inafuata sauti ndogo zinazozaliwa ndani ya sauti moja kubwa, zile zinazosikika ukipiga uzi mmoja wa upinde na kucheza na mdomo au kibuyu: ya nne, ya tano, ya sita, mpaka ya tisa. Ukianzia C, unapata C, E, G, B-flati, C ya juu, na D. Kwa jina zinafanana na za ukulele. Kwa sikio hazifanani. Ukigawa nusu-toni mafungu 100, E ya asili iko chini ya E ya ukulele kwa mafungu 14 hivi, na ile B-flati iko chini kwa mafungu 31, karibu theluthi ya nusu-toni. Kwa sikio lililolelewa na kinanda, B-flati hiyo imelala. Kwa sikio la Chamwino, kinanda ndicho kilichopinda.

Ukipiga C7 ya kawaida juu ya ilimba, ambayo kwenye karatasi ndiyo kodi hasa inayotakiwa, unasikia mgongano mdogo, kama nyuki wawili ndani ya chupa. Si kosa kubwa, ila haliondoki. Watu wataendelea kutabasamu, maana mgeni ni mgeni. Ndiyo maana nasema siku ya kwanza usipige.

Alifanya nini basi? Aliimba. Na hapa Chamwino inaipita kwaya kwa mbali. Mwanzilishi anatupa mstari, kundi linajibu, na jibu si sauti moja. Kwenye kwaya sauti ya pili unapewa kwenye karatasi. Hapa unamsikiliza jirani, unaruka noti moja katika ngazi yao, unatua inayofuata, na unakwenda sambamba naye akipanda na kushuka. Mama aliyekuwa kushoto kwake alikuwa akimgonga bega kila akitua pabaya. Hakusema neno. Bega lilipoacha kugongwa, tukajua ameelewa. Ilichukua kama saa nzima, na koo lake usiku lilikuwa limekauka kwa vumbi na kelele.

Muheme wenyewe hakupewa. Ngoma hizo zina historia ya jando na unyago, na mpiga anakua nazo. Alipewa kayamba, akaambiwa asilikimbize. Kidokezo: usiombe "wimbo wa jando" kwa ajili ya kurekodi kama unavyoagiza chips. Wakiona unafaa kuusikia wataupiga.

Jumapili, chini ya mwarobaini

Siku ya pili, baada ya ugali wa uwele na mlenda, babu wa "poa" mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Kile kidude chako mbona kimefungiwa? Kinaumwa?" Begi likafunguliwa.

Alikishika, akakigeuza, akaingiza kidole kwenye tundu la sauti, akakinusa. Akaleta ilimba yake. Sandukuni kwake kuna tundu dogo alilolifunika kwa utando wa buibui, ndio unaotoa ule mlio wa kuvuma unaofanya kila noti iwe na nywele. Mgeni alidhani chombo kimechakaa. Babu akaubandua utando kwa ukucha, akapiga: sauti safi, kavu. Akaurudisha kwa mate: sauti ikapata kifua. "Bila huu ni chuma tu," alisema.

Tukaanza kutuni. Kile kifaa cha kutuni chenye taa ya kijani kilikuwa kinamwambia mgeni kila noti ya babu ni makosa. Babu alikitazama mara moja akasema, "Kizime hicho, kinatuchanganya." Doh yake, noti ya msingi, ilikuwa juu ya C yetu, karibu C-shapu. Uzi wa C tukaupandisha mpaka ukalingana na chuma chake cha katikati, uzi wa G ukafuata. Uzi wa E tukaupandisha pia, lakini tukauacha chini kidogo ya pale kifaa kingetaka. Uliobaki ni wa A, na huu ndio wenye siri: hauwi tena A, unapanda mpaka kwenye ile B-flati yao iliyolala. Ukifika hapo, nyuzi nne za ukulele zikiwa wazi, bila kidole hata kimoja, ni sauti ya nne, ya tano, ya sita na ya saba za Wagogo. Hakuna kodi ya kukumbuka. Mkono wa kushoto unakwenda likizo, kazi yake ni kushika shingo isianguke.

Kwa hiyo uzi wa A ulikuwa na safari ndefu kuliko wenzake, na ulikuwa wa zamani. Ulikatika. Paa! Nyuzi za akiba zilikuwa hotelini mjini.

Kijana mmoja akaondoka bila kusema, akarudi na mshipi wa kuvulia samaki, ule wa nailoni, wa mjomba wake anayevua bwawa la Mtera. Kuna mtu alileta pia waya wa breki ya baiskeli, ambao kwenye zeze unafaa, lakini nikaukataa: ukulele imejengwa kwa nyuzi laini, waya wa chuma ungeng'oa daraja lake. Mshipi ulifungwa mafundo matatu. Ukalegea, ukavutwa, ukalegea, ukavutwa. Kama nusu saa hivi. Watoto walikuwa wanahesabu.

Ulipotulia, babu alianza taratibu kwa vidole gumba, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kila kimoja kikijaza nafasi ya mwenzake. Mgeni akajaribu kuchapa kwa mtindo wa kwao, juu chini juu chini. Babu akasimama. "Usimwage zote. Dondoa." Akadondoa, kidole gumba na cha shahada, uzi baada ya uzi. Dakika tano hivi baadaye mama wa bega akaingia na sauti. Yule nyuki wa kwenye chupa hakuwepo.

Mambo ya mfukoni na ya msimu

Kwaya inafanya mazoezi mwaka mzima, na karibu na Pasaka na Krismasi wanakesha. Ngomani kuna msimu. Mvua za Dodoma ni chache, kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu zote zinabanana kati ya Desemba na Aprili. Miezi hiyo watu wako shambani, jioni wamechoka, usiwasumbue. Njoo kuanzia Juni, mavuno yakiwa ndani. Beba sweta, usiku wa Julai hapa una baridi ambayo watu wa Dar hawaiamini mpaka waione.

Kiangazi hichohicho ndicho adui wa ukulele ya mbao halisi. Hewa ya Dodoma ni kavu, na mbao zilizozoea unyevu wa nusu kwa nusu hupasuka au freti hujitokeza pembeni zikakukwaruza. Weka sifongo chenye unyevu ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, kiache kwenye begi. Ukulele ya mbao za kubandika haina shida. Mjini kwaya iko ndani, Chamwino uko nje kwenye upepo na vumbi, kwa hiyo kama una chombo cha thamani na kingine cha kuchezea, unajua kipi kiende wapi.

Fedha. Kwaya hailipwi kwa kukupokea. Changia soda au weka kitu kwenye mfuko wa sare. Ngomani weka mchango kwa mweka hazina wa kikundi, mbele ya watu, usigawe noti mojamoja pembeni ukawaachia ugomvi. Kutuza mchezaji aliyekukuna ni jambo jingine, hilo ruksa, na sukari kwa mama mwenye nyumba haijawahi kukataliwa. Kurekodi omba, na ukiweka mtandaoni taja jina la kikundi. Na kama unatoka nje ya nchi na mtu anakuahidi malipo upige jukwaani, hapo si matembezi tena, ni kazi: kuna BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na kuna Uhamiaji.

Nikikuchagulia mimi

Una jioni moja, treni yako ya SGR ni kesho asubuhi: kwaya, bila kufikiria mara mbili. Una aibu ya kuimba mbele za watu lakini unapiga vizuri: kwaya pia, benchi la nyuma, kapo mfukoni. Unakuja na watoto: kwaya wakichoka mnaondoka, ngomani watoto hawachoki, wataibiwa na wenzao na hutawaona mpaka chakula.

Una siku mbili kamili na unaweza kuvumilia siku ya kwanza bila kugusa chombo chako: Chamwino. Siku moja Chamwino simshauri mtu. Utarudi na picha nzuri na lile neno "ala za asili" mdomoni, na hutakuwa umesikia kitu. Aliyenibishia akaenda kwa saa tatu, akapiga nyimbo zake nne, akapigiwa makofi, aliniambia kundi lilikuwa "zuri sana". Nilipouliza mama wa bega, alisema, "Yule? Alitupigia. Hakukaa."

Kama ulizoea vikundi vya kule Ulaya, vyenye kitabu na kuhesabu moja mpaka nne, anza na kwaya Alhamisi ndipo uende Chamwino Jumamosi. Sikio linahitaji kushushwa taratibu. Mgeni wangu wa Nairobi alifanya hivyo kwa bahati tu, kwa sababu semina yake ilimalizika Ijumaa.

Alipofika kwao alipita dukani akanunua seti mpya ya nyuzi. Alinitumia picha juzi: tatu amebadilisha, wa A bado ni ule mshipi wa Mtera, na mafundo yake matatu.